Mie, Bi Zuhura na Njia ya Kisiju

Juzi nyie wahudumu vijana wa zahanati mlipokabidhiwa zile baiskeli mpya nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, nasubiri kupimwa presha. Nikawaona mnavyozitazama. Mmoja wenu, jina lake nalihifadhi, akasema kwa sauti, "Yaani zama hizi tunapewa baiskeli? Si bora wangetupa pikipiki tu?" Mkacheka, na mie nikacheka na nyie. Kisha nikaona kuna binti mmoja katikati yenu hakucheka. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa kichanga cha watu, na macho yake yanasema kabisa kwamba kitu hiki hakijui.

Binti huyo ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Nyie wengine sikilizeni pembeni, huenda kuna mtakalookota.

Naitwa Sista Roza. Kwetu ni Mbinga, Dar nililetwa na ndoa. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kuwafuata majumbani wagonjwa wa kifua kikuu wa zahanati yetu, Tandika, Mtoni, Mbagala, mpaka Chamazi enzi zile bado pori na mchanga mtupu. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa kwa miezi mingi, na akishaanza kupata nafuu ndipo anapochoka. Kwa hiyo sharti mtu amfuate, amwone anameza. Mtu mwenyewe ndiye mie, kwa miguu.

Siku moja mganga mfawidhi akaleta baiskeli nyeusi, nzito, yenye kerea ya chuma nyuma. Akauliza, "Nani hapa anajua kuendesha?" Nikanyoosha mkono. Sijawahi kupanda baiskeli hata siku moja. Ila nilikuwa nimetoka Chamazi siku hiyo hiyo, visigino vinawaka moto, na nilijua nisiponyoosha mimi itakwenda kwa yule bwana wa maabara ambaye hatoki hata nje ya geti.

Basi nikaanza kuisukuma. Nilifunga sanduku la dawa kwenye kerea, nikashika usukani, nikaisukuma Tandika nzima. Wiki mbili! Nikifika kwa mgonjwa naegesha kwa mbwembwe, nikitoka naisukuma tena. Mama mmoja wa Mtoni alikuwa akinipa pole kila siku.

"Sista, pancha tena?"

"Tena, dada yangu."

"Hao mafundi wako ni waongo, badilisha."

Mtu aliyenishika uongo wangu ni Bwana Awadhi. Alikuwa na duka la spea za baiskeli na cherehani karibu na soko la Tandika, duka la tangu babu yake, Mwarabu aliyeingia mjini na kuoa hapa hapa. Awadhi alikuwa mtu mnene, mpole, kofia yake ya kudarizi haitoki kichwani, na kila kitu alikuwa anakipima kwa kidole gumba. Akaniita kutoka barazani.

"Sista! Hebu ilete hiyo baiskeli."

Akabonyeza tairi la mbele. "Upepo umejaa." Akabonyeza la nyuma. "Na hili limejaa. Sasa pancha iko wapi?"

Nikatazama chini. "Iko kwangu mie mwenyewe, Bwana Awadhi. Sijui kuendesha."

Hakucheka, na kwa hilo mpaka leo namshukuru. Aligeuka akaita ndani ya duka, "Zuhura! Njoo umchukue Sista."

Akatoka dada yake. Bi Zuhura wakati ule alikuwa na miaka arobaini hivi, mjane, hakujaliwa mtoto, amerudi kukaa na kaka yake na kumsaidia kuuza dukani. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia ya unesi, akasema, "Pita huku nyuma."

Nyuma ya duka kulikuwa na ua wa sementi, ukuta mrefu pande zote, kamba za nguo, mkebe wa mrehani na mlimau mmoja. Bi Zuhura akachukua baiskeli yangu, akakunja baibui yake akaifunga ubavuni, ndani kavaa suruali, akapanda. Akazunguka ule ua mara tatu kwa mkono mmoja, mkono wa pili anasogeza nguo zilizoanikwa zisimguse usoni. Alikuwa kama mtu anayetembea jikoni kwake. Nikabaki mdomo wazi.

Alinifundisha siku tisa, kila nikitoka kazini. Binti wa juzi, haya ndiyo aliyoniambia, na mie nakupa kama yalivyo. Usitazame tairi. Tairi linajua kazi yake. Tazama unakokwenda, mwili utafuata wenyewe. Pedeli ya kuanzia iwe juu, siyo chini, uikanyage kwa uzito wako wote. Breki ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye na kwa upole. Gauni la kazi likikusumbua, kata ukanda wa mpira kwenye tyubu mbovu, kamata pindo lote la upande wa cheni, funga juu kidogo ya goti. Nilipoanguka mara ya kwanza niliangukia beseni la nguo zilizolowekwa. Bi Zuhura alinitoa, akanifuta povu usoni kwa kanga, akasema, "Umeshafua. Panda tena."

Siku niliyozunguka ua peke yangu bila kushikwa nilipiga vigelegele mwenyewe. Tulipokaa kunywa kahawa nikamuuliza, "Bi Zuhura, unaendesha hivi, mbona sijakuona barabarani hata siku moja?"

Alizungusha kikombe kidogo kabla ya kujibu. "Nilipokuwa mtoto, lori lilimgonga mteja wetu hapo mbele ya duka. Ametoka kununua tairi, hajavuka hata barabara. Baba ndiye aliyemwokota. Baiskeli yangu hakuninyang'anya. Aliongeza ukuta. Basi nikawa naendesha humu. Nilipoolewa, mume naye alikuwa mwoga wa magari. Sasa nipo kwa Awadhi."

"Naye anakukataza?"

"Hajanikataza. Mie ndiye sijamuuliza."

Tukawa marafiki. Ila barabara, wanangu, ni mwalimu mwingine kabisa. Wiki yangu ya kwanza nilishika breki ya mbele peke yake kwenye kokoto za Mbagala, mbele ya shule ambayo mume wangu, Mwalimu Gaspari, alikuwa anafundisha. Nilipita juu ya usukani. Wanafunzi wakaingia darasani mbio, "Mwalimu! Mwalimu! Mke wako ameruka!" Gaspari, mtu wa maneno machache, akaja akaniinua, akanyoosha usukani kwa magoti, akasema, "Jioni ukipita hapa, pita polepole, nina kipindi." Ndiyo pole yangu hiyo. Lakini siku ya pili nilikuta amenifungia kengele mpya, inayong'aa, yenye mlio unaosikika mitaa miwili.

Niliipenda ile kengele kupita kiasi. Nilikuwaga naipiga kuanzia kwenye kona, watoto wanakuja mbio, mgonjwa anajua Sista wake anafika. Nilijiona nesi wa kisasa.

Mengine nilijifunza kwa Awadhi. Kufungua tairi bila kutoboa tyubu, tumia vijiko viwili vya chai, upande wa mpini. Tyubu ijaze upepo, izamishe kwenye maji, vipovu vitakuonyesha tundu. Kausha, sugua kwa msasa, paka gundi, na hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu: subiri. Gundi ikiwa bado inang'aa usibandike kiraka. Ikifubaa, ndiyo. Kwenye mchanga toa upepo kidogo, usukani uwe mlegevu mikononi, usikate kona. Sanduku la dawa lifunge chini na katikati. Na nyama ukitumwa kununua Vingunguti usiitundike kwenye usukani, mbwa wa mitaa ile wana mbio kuliko wewe. Hilo msiniulize nimelijuaje.

Sasa nifike kwenye safari.

Nilikuwa na mgonjwa anaitwa Hadija. Najua mnajiuliza mbona namtaja, na siri ya mgonjwa je. Jina si lake, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa. Alikuwa fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na kitu, amepanga chumba kimoja Tandika kwenye nyumba ya wapangaji wengi, cherehani yake barazani. Alikuwa mwezi wa tatu wa dawa, kikohozi kimetulia, mwili umeanza kurudi. Siku moja nikafika, nikakuta mlango umefungwa na cherehani haipo. Jirani akasema kahama. Wiki ikapita, na ya pili. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wachache, yeye hakuwa nayo. Mwishowe mwenye nyumba akaniambia kwamba binti ana shangazi yake kijijini, mbele ya Mkuranga, njia ya kwenda Kisiju.

Nyie mmesoma, mnajua mtu akiacha dawa katikati kinachofuata. Ugonjwa unarudi, na ukirudi unaweza kuwa umeshazizoea zile dawa. Nilimwambia mganga mfawidhi, akatoa gari. Gari likaenda, jioni likarudi na matope mpaka madirishani. Zilikuwa zile mvua kubwa. Dereva akasema mbele ya Mkuranga kalvati, lile daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara, limechukuliwa na maji, magari yamejaa huku na huku, hakuna kinachopita. Bodaboda zenyewe hazikuwa zimejaa kama sasa. Mganga akasema tusubiri barabara itengenezwe. Wiki mbili, huenda tatu.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikapita kwa Awadhi kunywesha cheni mafuta, nikamuuliza, kama utani, "Hivi hii baiskeli inaweza kufika njia ya Kisiju?"

Akaitazama. "Baiskeli inafika. Wewe je?"

Nilikuwa sijawahi kwenda zaidi ya Chamazi. Nikasema nina mgonjwa kule, gari haliwezi kuvuka, mtu mwenye baiskeli anaweza kuibeba akavuka. Awadhi akawa anakuna kidevu. Bi Zuhura alikuwa nyuma ya kaunta anapanga spoku kwenye makopo. Akasema bila kuinua kichwa:

"Hawezi kwenda peke yake. Nakwenda naye."

Mteja aliyekuwa anachagua pedeli akaiweka chini. Awadhi akamtazama dada yake muda mrefu.

"Zuhura. Barabara ya Kilwa ile."

"Naijua inakopita. Nimezunguka ule ua tangu nina miaka minane, Awadhi. Ungeninyooshea zile duara zote ningekuwa nimeshafika Kigoma na kurudi."

Awadhi akainuka. Alikwenda nyuma ya duka, akatoka na ile baiskeli ya Bi Zuhura, akaigeuza matairi juu pale barazani, akaanza kukaza spoku moja moja. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Ijumaa. Kwenye sanduku langu kulikuwa na vidonge, kopo la kupimia makohozi na kadi ya mgonjwa. Kwa Bi Zuhura kulikuwa na tende, chapati, chupa mbili za maji, pampu na vile vijiko. Sikumwambia jina la mgonjwa wala anachoumwa, na yeye hakuuliza.

Lori la kwanza lilitupita kabla hatujafika Mbagala. Upepo wake ulimsukuma Bi Zuhura mpaka ukingoni. Akashuka. Nilipogeuka nikamwona amesimama, mikono imeukamata usukani, midomo inasoma dua. Nikarudi nikamwambia, "Tunaweza kurudi, shoga yangu. Hakuna atakayekucheka."

"Ngoja," akasema. "Ngoja lipite lingine."

Likapita lingine, akalitazama. Likapita la tatu. Alikuwa anayatazama kama mtu anayemkagua mchumba aliyesifiwa sana. La nne lilipopita akapanda baiskeli yake, akasema, "Haya, twende. Yanapita tu, kumbe."

Mteremko wa Mzinga alishuka ameachia breki, baibui imejaa upepo, na nikamsikia anacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kule uani. Mlima wa Kongowe tukapanda tunasukuma. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema, "Hakuna kona." Nikadhani hajanisikia. Akarudia, "Roza, nimeenda moja kwa moja saa nzima, sijakata kona."

Kosa la siku ile lilikuwa langu. Nilitaka kumwonyesha mie ndiye mzoefu, nikawa nakimbiza, sili, sinywi. Tulipofika Vikindu mguu wa kushoto ukakaza kama jiwe, nikaanguka pembeni kwenye nyasi nalia kama mtoto. Bi Zuhura akanivua kiatu, akanikanda, akaninyooshea vidole kuelekea gotini, akanipa tende tano na maji kidogo kidogo. "Unakimbia kama unafukuzwa," akaniambia. "Safari ndefu unakula kabla hujasikia njaa." Kuanzia pale yeye akawa mbele, mwendo mmoja, si wa haraka wala wa pole, na mie nyuma yake natazama visigino vyake vinavyopanda na kushuka. Hilo nalo lishikeni. Mwenye mwendo wa kudumu ndiye anayetangulia, hata kama ni mgeni wa barabara.

Mbele ya Mkuranga tukaacha lami. Tukapata pancha moja, mwiba wa porini, tukaiziba kwa vile vijiko na dimbwi la barabarani likawa beseni letu. Halafu tukafika pale kwenye kalvati. Maji mekundu yanapita kwa kishindo, magari yamepangana pande zote mbili, madereva wanacheza bao. Mmoja akainuka.

"Akina mama, mnakwenda wapi na hivyo vyuma?"

"Tunatembea," akajibu Bi Zuhura.

Tulishuka upande ambao bonde lilikuwa limetanuka, maji yanafika mapajani. Baiskeli moja kwanza, yeye mbele mie nyuma, tumeiweka mabegani. Sanduku la dawa nikalivusha kichwani. Tulipokwenda kuchukua ya pili, wale madereva walikuwa wameacha bao, wawili wakaingia majini wakatuvushia. Baada ya hapo ni mchanga na mikorosho, tunapanda kidogo, tunasukuma sana. Saa tisa alasiri tukafika.

Hadija alikuwa amekaa uani kwa shangazi yake anamenya mihogo. Aliniona, kisu kikasimama mkononi. Alikuwa amekonda tena. Bi Zuhura alipoona hivyo akabaki mbali, akazigeuza baiskeli juu chini na kuanza kutoa mchanga kwenye cheni.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno ya upole na maneno ya kutisha, na mchoro wa mapafu ndani ya sanduku. Hadija hakunisubiri.

"Sista, umenifuata mpaka huku. Na baiskeli ile ile?"

"Ile ile, mdogo wangu."

"Basi hata huku watajua."

Sikumwelewa. Akaweka kisu chini.

"Ulikuwa unapiga kengele toka kwenye kona. Watoto wanapiga kelele, 'Baiskeli ya kifua hiyo!' Watu wanatoka kuangalia itasimama mlango gani. Ikawa inasimama kwangu kila siku. Mteja wa kwanza akaja kuchukua kitambaa chake sijakishona. Akaja wa pili. Wapangaji wakaanza kuficha vikombe. Mwenye nyumba hakunifukuza, ila aliniuliza mara tatu nitahama lini. Sista, mie dawa sikuzichoka. Nilichoka ile kengele."

Wanangu, nimeanguka na baiskeli mara nyingi. Hakuna nilipoumia kama pale, na nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili.

"Mbona hukuniambia, Hadija?"

"Ulikuwa unakuja unafurahi, Sista. Ningekwambiaje?"

Nilikaa chini palepale kwenye maganda ya mihogo. Ule mchoro wa mapafu sikuutoa. Nikamwambia, "Nisamehe. Sikuona. Nilikuwa najitazama mwenyewe." Naye akalia, nami nikalia, shangazi yake akaja na maji akatuangalia akarudi ndani.

Baada ya muda Hadija akafuta macho, akatazama kule kwenye baiskeli. "Yule si dada wa duka la spea, pale Tandika? Nilinunua kwake mkanda wa cherehani."

"Ndiye."

"Naye anajua?"

"Anajua nina mgonjwa. Jina lako halijui, wala unachoumwa."

"Na amekuja mpaka huku kwa mtu asiyemjua?"

Nikasema ndiyo. Akafikiri. Kisha akainuka mwenyewe, akamfuata Bi Zuhura pale alipochuchumaa na kitambaa cha grisi.

"Shikamoo, Da Zuhura. Mie naumwa kifua kikuu."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akapangusa mikono. "Dawa yake ipo?"

"Ipo. Sista kaja nayo."

"Sasa?"

Hadija akamweleza yote, kengele, watoto, vikombe. Bi Zuhura akanitazama mara moja tu, bila lawama, kisha akamgeukia yeye. "Dukani kwangu watu wanaingia na kutoka kutwa. Huyu spoku, huyu pampu. Wewe ukipita asubuhi ukaja nyuma uani, ukanywa maji, ukaenda zako, nani atajua umemeza nini? Mie nitakuona unameza, nitamwambia Sista. Hilo tu."

Jambo jepesi namna ile. Miaka yote ile na kadi zangu na sanduku langu, na sijawahi kuliwaza.

Tulilala pale kwa shangazi yake, Hadija akameza dawa jioni ile na asubuhi yake. Kuhusu kurudi mjini alisema, "Nitafikiria." Sikumlazimisha. Nilimwachia vidonge vya siku chache, nikachukua makohozi ya kupima, tukaagana.

Siku kumi na mbili nilipita dukani kwa Awadhi kila asubuhi, na kila asubuhi Bi Zuhura alitikisa kichwa kabla sijauliza. Siku ya kumi na tatu hakutikisa. Alisogea pembeni ya mlango wa uani, nikachungulia. Hadija alikuwa amekaa chini ya mlimau, mabegi yake mawili pembeni, na cherehani imefungwa kwa kamba ya katani. Tuliianza dawa upya kutoka mwanzo, miezi yote ile, na hakukosa hata siku moja. Siku makohozi yalipotoka safi mara ya mwisho aliwashonea mafundi wote wa duka aproni, na kwa ajili ya Bi Zuhura akashona suruali pana za kuendeshea, tatu, rangi tatu. Sasa ana duka lake Chamazi, ana watoto wawili, na mdogo anaitwa Zuhura.

Mie nilibadilika. Kengele niliifungua. Nikawa naegesha baiskeli mtaa wa nyuma, navua kofia ya unesi, naingia kama mgeni aliyekuja kusalimia. Kila mgonjwa mpya nilianza kumuuliza swali moja kabla ya mengine yote: unataka nije vipi? Wengine walisema njoo na baiskeli yako, sina cha kuficha. Wengine walisema tukutane sokoni, kwenye nyanya. Nyie mnaotaka pikipiki, fikirieni pikipiki nayo inasikika mitaa mingapi.

Ila kuna jambo nimeliruka. Sijawasimulia tulivyorudi, na mie nikikumbuka safari ile hapo ndipo ninapoishia.

Tulirudi Jumamosi. Mvua ilitunyeshea kutoka Mwandege. Tuliingia Tandika jioni, tumelowa, tuna matope mpaka kwenye kope, Bi Zuhura mbele na mie nyuma, tukapita katikati ya soko. Wauza viazi walisimama. Mwanamke mmoja akauliza, "Huyo si dada yake Awadhi?" na mwenzake akajibu, "Siye, yule hatokagi."

Awadhi alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya duka. Fundi wake aliniambia baadaye kwamba alikaa pale tangu alfajiri ya Ijumaa, akiondoka kwa swala na kula tu, na hakuuza hata tyubu. Alipotuona alisimama. Hakuja kutupokea. Alisubiri dada yake ashuke, akaishika baiskeli, akaizunguka yote, anagusa rimu, anagusa cheni, anagusa usukani, kana kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Mwishowe akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Upepo umepungua," akasema.

Akachukua pampu, akainama, akaanza kujaza. Alijaza muda mrefu, kichwa chini, na tairi lenyewe halikuwa na shida kubwa. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye mikono yake, na pale barazani mvua ilikuwa haifiki.

Bi Zuhura alisimama juu yake, baibui inachuruzika maji, akamwekea mkono begani.

"Lijaze vizuri, Awadhi," akasema. "Kesho nakwenda nalo sokoni."